Usipoziba Ufa



Waliopata kusafiri Unguja wanajua kwamba njia ya kwenda Bububu hupita Maruhubi. Huko wakubwa wa zamani walijenga nyumba za mawe za shamba, zenye bustani zilizozungushiwa kuta. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga jumba Maruhubi na kulizungushia ukuta. Ukuta ule haukuzuia moto: mwaka 1899 jumba liliungua, zikabaki nguzo na hamamu. Bububu nako kuna nyumba ya karne ya 19 ambayo haikuachwa ianguke. Ilitengenezwa, ikakaliwa tena na watu, na bustani yake ndani ya ukuta ikatunzwa.

Fundi wa nyumba kama hizo huanzia juu, kwenye paa. Maji yakipenya, boriti huoza, chokaa hulegea, na mti huota ukutani. Tena hapendi kuficha ufa kwa saruji, maana saruji huufungia unyevu ndani ya mawe. Nje ukuta huonekana mzima, kumbe ndani unakwisha.

Ndugu zangu, hapa Ubungo twajenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, kisha geti. Si vibaya. Lakini ndani ya geti mna nini? Mama mzazi yumo chumba cha uani, hapana wa kumwuliza amelalaje. Ndugu wawili wanagombea kiwanja cha marehemu baba yao. Hata kanisani, wakati wa kutakiana amani, kila mmoja hutazama upande wake.

Someni Nehemia, sura ya tano. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa ukijengwa, kikasikika kilio: maskini walikuwa wameweka rehani mashamba yao, na waliowadai ni ndugu zao wenyewe. Nehemia hakusema, "Ngojeni kwanza tumalize ukuta." Aliwakusanya wakubwa akawataka warudishe, nao wakakubali. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, lakini ufa ulizibwa kwanza.

Basi, kabla hujaagiza lori jingine la mchanga, ingia chumba cha uani ukae na mama. Mwendee ndugu yako kabla ya Jumapili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huo hauuzwi dukani.

Mungu azijalie nyumba zetu amani yake. Amina.