Mzigo wa Mtu Mwingine

Ile njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, iliishi kwa mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila 2 hivi, yaani kilo 30 na ushei, za pembe, shanga au vitambaa. Mzigo haukuwa wake. Heshima yake ilikuwa kuufikisha kwa mwenyewe kama alivyokabidhiwa. Nimemfikiria sana mpagazi huyo kwa sababu ya kanda moja ya kaseti.

Mwaka 1994 nilikuwa nikiwatembelea wazee wa Tabora waliopigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la Mwingereza, Keya, nikiwa na redio kaseti na betri za akiba. Niliamini, na hadi leo naamini, kwamba kazi hiyo ni ya lazima. Vita vya Kwanza vilitosha kutufundisha. Wabelgiji walipoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, pande zote zilikuwa zimekwisha kuwachukua wapagazi kwa maelfu, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa. Maofisa waliandika vitabu. Wapagazi hawakuulizwa kitu. Kumbukumbu yao kubwa imebaki katika jina la Kariakoo, nalo wengi wanaokwenda pale kununua nyanya hawajui lilitoka wapi.

Mzee mmoja nilimzoea kuliko wengine. Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua kubwa. Alinisimulia huku akicheka: matope yaliyomeza magari, ruba ndani ya viatu, biskuti ngumu kama kigae. Siku ya tatu akanyamaza, akaitazama mashine, akasema, "Mwanangu, zima hicho. Hili si la humo."

Niliweka kidole juu ya kitufe. Sikubonyeza.

Basi akanieleza habari ya rafiki yake, mtu wa Ujiji, aliyejeruhiwa usiku, akawa anamwita kwa jina. Na jinsi yeye, hatua chache tu kutoka pale, alivyolala kimya kama asiyesikia, kwa hofu. Kulipokucha walimkuta amekufa, wakamzika. "Tangu siku ile," alisema, "mtu akiniita mara mbili nashtuka."

Mzee alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia nilichofanya.

Tumezoea kusema kwamba mzee akifa ni kama maktaba imeungua. Usemi huo ni mzuri, lakini siku hizi naushuku. Maktaba haina aibu, wala haichagui msomaji. Mzee anachagua. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata haikupewa siri hiyo ili iitangaze sokoni. Kwa upande huo, nilikuwa mwizi.

Lakini kuna upande wa pili, nao ndio ulioninyima usingizi. Yule aliyeita usiku naye alikuwa na kwao. Je, aibu ya mmoja inaweza kufunika kifo cha mwingine? Kama ningeificha kanda, ningemtii mzee na kuwadhulumu watu wa Ujiji. Kama ningeitoa, ningefanya kinyume chake.

Mwishowe nilimwendea mwanawe mkubwa, nikakiri. Najua kwamba hata huko kukiri kulikuwa kuvunja ahadi mara ya pili. Alisikiliza peke yake chumbani. Alipotoka alikaa muda mrefu bila neno, kisha akasema, "Habari za yule ndugu zipelekwe kwao. Mengine ni ya baba."

Nikapanda treni ya Kigoma. Ujiji, baada ya kuuliza kwa siku mbili, nilimpata dada wa marehemu, bibi wa makamo ya mwisho kabisa. Nilimwamkia, nikamweleza kwa ufupi. Hakuuliza kaka yake alikufaje. Aliuliza neno moja tu: "Alizikwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, bibi. Alizikwa na rafiki yake."

Nilipokuwa narudi Tabora ndipo nilipoelewa. Kulijibu swali lile sikuhitaji kanda. Nilihitaji masikio niliyokuwa nayo siku ile, na swali moja ambalo sikumwuliza mzee: "Niruhusu nipeleke salamu kwao?" Huenda angekubali. Huenda miaka yote hamsini alikuwa akimtafuta mtu wa kumtuma. Mimi niling'ang'ania mashine, nikamnyima nafasi ya kunituma.

Kanda ile nilimwachia mwanawe. Sijui aliifanyaje, na sikustahili kuuliza.

Bado narekodi. Waliokwenda Vita vya Kagera, 1978 na 1979, sasa nao ni wazee, na kifaa changu siku hizi ni simu. Lakini mzee akisema zima, nazima, nikamwonyesha kwamba nimezima. Kisha nauliza, "Na haya, mzee, yaende kwa nani?" Wengine hujibu, "Yaishie hapa." Wengine hutaja jina la mtu, na kijiji chake. Hapo najua nimetwishwa mzigo, na mwenyewe amekwisha kuniambia pa kuutua.