LESONI YA 8: Mikono Iliyotegemezwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kutoka 17:8-13, Mhubiri 4:9-12, Luka 22:31-34, 54-62, Warumi 7:18-25, 1 Wakorintho 6:19, 20, Wagalatia 6:1-5, Yakobo 5:16.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2.

Katika makanisa mengi yuko mtu anayefika baada ya wimbo wa kufungulia na kuondoka kabla washiriki hawajaanza kupeana mikono mlangoni. Hukaa karibu na dirisha. Njiani amekula pipi ya mnanaa, mikono ameinawa kwa sabuni mara mbili, na bado anajua kwamba atakayeketi karibu naye ataisikia harufu ya sigara. Mafundisho anayaamini yote. Pengine yumo katika darasa la ubatizo, au alikwisha kubatizwa miaka mingi iliyopita na tumbaku ikamrudia kimyakimya. Mara ngapi ametupa pakiti chooni akiapa kwamba ni ya mwisho, ni yeye na Mungu wake wanaojua.

Waadventista wa Sabato wanajulikana kwa kufundisha kwamba tumbaku huharibu mwili. Fundisho hilo ni la kweli na halitabadilika. Lakini mtu wa dirishani ameshalikubali. Hahitaji kuambiwa mara ya kumi. Anachohitaji kujua ni nani atakuwa pamoja naye saa tatu usiku, siku ya tatu ya kuacha, wakati kibanda cha jirani bado kiko wazi na sigara inauzwa moja moja. Juma hili darasa litajifunza juu ya saa hiyo.

JUMAPILI
Kinachomshika

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na Warumi 7:18-25. Paulo anasema nini juu ya mtu anayetaka jema na kushindwa kulitenda? Je, kilio chake kinafanana na cha mtu asiyeamini?

Asiyewahi kuvuta hudhani kwamba sigara ni tabia tu, kama kuchelewa ibadani. Sivyo. Katika moshi mna nikotini, na katika ugoro na kuberi pia. Mtu akivuta, nikotini hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde kumi hivi, na ubongo hujifunza kuingoja. Ikikosekana, mwili hudai. Mtu huwa na hasira za karibu, usingizi hukatika, kichwa humuuma, njaa huongezeka, na hawezi kutulia katika kazi aliyoizoea. Mke na watoto huona baba aliyekuwa mpole amekuwa mkali, na pengine mke husema moyoni kwamba afadhali angeendelea kuvuta.

Kwa kawaida dhiki hii huwa kali zaidi katika siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua polepole katika majuma yanayofuata. Tamaa yenyewe huja kwa mawimbi, na wimbi moja huchukua dakika chache tu. Hapa ndipo palipo na tumaini, na washiriki wengi hawapajui. Anayeacha tumbaku hashindani na miaka arobaini kwa mara moja. Hushindana na dakika hizi chache, kisha nyingine baadaye. Dakika chache ni muda ambao rafiki anaweza kukaa na mtu, au kuzungumza naye kwa simu, au kutembea naye mpaka kisimani na kurudi.

Faida nazo huanza mapema. Katika siku ya kwanza au ya pili, hewa ya sumu ya kaboni iliyotokana na moshi huwa imepungua katika damu. Mwaka mmoja ukipita, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka karibu nusu ukilinganisha na ya mtu anayeendelea kuvuta. Anayeogopa kwamba amechelewa na aambiwe hayo.

Jambo moja zaidi, kwa sababu huleta mabishano darasani. Plasta za ngozi na chingamu zenye nikotini, ambazo humsaidia mtu kushuka ngazi kidogo kidogo, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Atakayezitumia kwa ushauri wa mganga asihesabiwe kuwa na imani haba, kama vile asivyohesabiwa hivyo mgonjwa wa malaria anayemeza dawa.

JUMATATU
Jiwe, Haruni na Huri

Soma Kutoka 17:8-13. Musa alichoka kwa sababu gani? Haruni na Huri walifanya nini kwanza, na nini baadaye?

Kule Refidimu vita vilikuwa bondeni, chini ya Yoshua, lakini ushindi ulipanda na kushuka pamoja na mikono ya mzee mmoja kilimani. Mikono ilipoinuliwa, Israeli walishinda. Iliposhuka, Waamaleki walishinda. Biblia haisemi kwamba Musa alipungukiwa na imani. Inasema mikono yake ilikuwa mizito. Huyu ndiye mtu aliyesimama mbele ya Farao na kuiona bahari ikipasuka, na saa zilipopita misuli yake ilichoka kama ya mtu yeyote.

Inafaa kutazama pole pole walichofanya wale wawili. Hawakumkemea. Hawakumkumbusha Bahari ya Shamu, ingawa wangeweza kuhubiri vizuri sana juu yake. Walitafuta jiwe. Walimketisha. Kisha mmoja akasimama upande huu na mmoja upande huu, wakaishika mikono yake hadi jua lilipotua. Kazi yao haikuwa ya dakika tano. Huenda nao walichoka, na jina la Huri halitajwi mara nyingi baada ya hapo. Lakini bila wao siku ile isingekwisha ilivyokwisha.

Msaada wao ulianza na jiwe, kitu cha kawaida kabisa, ndipo ukafuata wa mikono. Anayeacha tumbaku anahitaji maombi, na aombewe. Anahitaji pia mtu wa kumwambia, "Jioni hii usipite njia ya kibandani, tupite huku." Anahitaji mke wa mzee wa kanisa amtumie chungwa na karanga za kutafuna. Kama ni fundi au dereva wa pikipiki, anahitaji ndugu atakayeketi naye kijiweni saa ile wenzake wanapowasha. Msaada wa namna hii hauandikwi katika taarifa ya robo, na pengine ndiyo sababu makanisa mengi huusahau.

Mhubiri 4:9-12 hutumika sana katika arusi. Lisome leo ukimfikiria mvutaji anayejaribu kuacha akiwa peke yake. Kwa nini mwandishi anamwonea huzuni yule anayeanguka akiwa hana mwenziwe?

JUMANNE
Jioni Tano

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Marekani, mchungaji Mwadventista Elman J. Folkenberg na daktari J. Wayne McFarland walianzisha mpango wa kuacha kuvuta kwa siku tano. Ripoti maarufu ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani juu ya sigara na saratani ya mapafu ilikuwa bado haijatoka. Ilitolewa mwaka 1964. Wakati huo madaktari wengi walikuwa wakivuta wenyewe.

Watu walikusanyika jioni tano mfululizo, na wengi wao hawakuwa washiriki wa kanisa. Daktari alieleza mambo ya mwili na mchungaji akaeleza mambo ya moyo na nia. Mashauri yenyewe yalikuwa mepesi: kunywa maji mengi, kula matunda, kuepuka kahawa na pombe kwa kuwa huamsha tamaa, kuoga maji ya uvuguvugu, kuvuta pumzi ndefu, kuinuka mezani mara baada ya chakula na kutembea, badala ya kubaki kwenye kiti ambacho mtu alizoea kuvutia. Hawakuambiwa waape kwa maisha yote. Walifundishwa kuchagua, saa kwa saa, kutovuta.

Tena waligawanywa wawili wawili. Kila mmoja alikuwa na mwenziwe wa kumpigia simu mchana, kati ya mkutano na mkutano, tamaa ilipozidi. Mwenziwe hakuwa mtaalamu. Alikuwa mvutaji kama yeye, anayetetemeka kama yeye, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Alijua hali ya siku ya tatu kwa sababu na yeye alikuwa katika siku ya tatu.

Mpango huo ulienea katika nchi nyingi na watu wengi sana wakaupitia. Si wote waliobaki huru. Wapo waliorudia baada ya miezi, kama inavyotokea katika mipango yote ya namna hiyo hata leo. Ndiyo maana jioni ya tano isipofuatwa na kitu, kazi imefanywa nusu. Kanisa linalofanya mkutano wa afya wa siku tano kisha likafunga vipaza sauti na kwenda nyumbani linapaswa kujiuliza ni nani atampigia simu yule mtu siku ya kumi na mbili.

JUMATANO
Kabla Jogoo Hajawika

Soma Luka 22:31-34, 54-62. Yesu alimwombea Petro lini, kabla ya kuanguka au baada yake? Alimpa kazi gani ya kufanya akisha kurudi?

Yesu aliona anguko kabla halijatokea, akaliombea, na katika pumzi ileile akamwekea Petro kazi ya upande wa pili wa anguko. Hakusema kwamba Petro akianguka kazi imekwisha. Kazi aliyompa ni kuwaimarisha ndugu zake. Nani angeielewa kazi hiyo kuliko mtu aliyelia usiku ule nje ya ua?

Watu wengi walioacha tumbaku kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Kwa hiyo anayerudia asishangaliwe kama jambo jipya duniani. Sigara moja msibani, usiku wanaume wamekaa kuzunguka moto na pakiti inapita mkono kwa mkono, bado ni sigara moja. Huwa kumi kwa sababu ya yanayofuata: aibu, uongo mdogo, kukwepa simu ya mwalimu wa darasa, Sabato moja bila kuja, kisha tatu. Shetani hafaidiki na moshi ule sawasawa na anavyofaidika na ule ukimya.

Soma Wagalatia 6:1. Neno la kumrejeza upya aliyeghafilika, katika Kiyunani, hutumika pia kwa kutengeneza nyavu zilizochanika (Marko 1:19). Mvuvi haupigi wavu wake kwa kuwa umechanika. Huketi nao magotini, akafunga fundo baada ya fundo, kwa maana kesho atauhitaji.

Na Yakobo 5:16 inadai jambo gumu zaidi: kuungamiana. Agizo hilo haliwezekani mahali ambapo ungamo la Jumatano huwa habari ya soko siku ya Ijumaa. Afadhali darasa lenye watu wawili wanaojua kunyamaza kuliko lenye thelathini wenye bidii.

ALHAMISI
Nahodha Aliyeishi Mbele Yao

Joseph Bates, nahodha wa meli, aliacha vileo vikali, kisha divai, kisha tumbaku, katika miaka ya 1820, miaka ishirini hivi kabla ya kuikubali Sabato. Mwaka 1827 alishiriki kuanzisha chama cha kiasi katika mji wake wa Fairhaven, Massachusetts, ili watu washikamane katika kuacha. Ndugu waliojiunga naye baadaye katika ujumbe wa Adventista hawakuwa wamefika alipofika. Ellen G. White alionyeshwa madhara ya tumbaku mwaka 1848, na hata baada ya hapo ilichukua miaka kabla washiriki wote hawajaiacha. Mhubiri J. N. Loughborough aliwahi hata kushauriwa na daktari avute sigara kwa ajili ya mapafu yake! Waanzilishi hawa walichukuliana kwa muda mrefu, bila kuishusha kweli na bila kuwatupa ndugu.

Je, kanisa lenu lina watu walioacha tumbaku zamani na hawasemi kamwe? Kwa nini hawasemi?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Kutoka 17:8-13 pamoja na Waebrania 12:12-15.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika sehemu kama Urambo na Migori, tumbaku ndiyo iliyolipa karo za watoto wa washiriki wengi. Darasa litamsaidiaje mkulima anayetaka kuacha kuilima, na si kuivuta tu? Semeni mambo yanayowezekana msimu huu.

2. Mtu akiungama mbele ya darasa lenu Sabato hii kwamba alivuta Alhamisi, nani angekuwa wa kwanza kusema, naye angesema nini? Jibuni kama mlivyo, si kama mnavyopaswa kuwa.

3. Kijana wa darasa la ubatizo ameacha sigara kwa majuma matatu. Ubatizo ni Sabato ijayo, na mama yake amekwisha kualika ndugu kutoka kijijini. Usiku wa Jumatatu anamtumia mwalimu wake ujumbe: alikuwa msibani, amevuta moja, anaomba jina lake lifutwe na asitafutwe tena. Wengine watasema abatizwe tu, ni sigara moja. Wengine watasema aahirishwe, na sheria ni sheria. Kabla ya kuamua juu ya tarehe, tajeni kwa majina washiriki wawili watakaokwenda kwake kesho asubuhi, na watakachochukua mkononi.