Damu ya Majengo ni Amana ya Nani?

Ndugu Waislamu, mwili wa mwanaadamu ni amana aliyopewa na Mola wake. Basi chembe iliyotolewa mwilini, ikaendelea kuzaana nje yake, ni mali ya nani?

Wataalamu watwambia kuwa mwili umejengwa kwa chembe hai ziitwazo seli. Moja hugawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne. Ndivyo mtoto akuavyo tumboni, na ndivyo jeraha lifungavyo. Mgawanyiko huo ukiruka mpaka wake huwa saratani. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, madaktari walichukua seli za saratani za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi, bila ya kumtaka idhini. Alikufa mwaka huo huo, na seli zake hata leo zazaana. Zilitumika kuijaribu chanjo ya polio. Walakini ni mwaka 2023 ndipo warithi wake waliposikilizana na kampuni moja iliyofanya biashara kwazo.

Tusidhani jambo hili ni la mbali. Majengo ya Pumwani ni mtaa wa kale wa Waislamu mjini Nairobi. Tangu miaka ya 1980, wanawake wafanyao ukahaba huko wametoa damu kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada. Wachache wao hawakuambukizwa Ukimwi, japo walikutana nao mara nyingi. Katika damu yao zilionekana seli zitambuazo na kuua seli zilizoingiwa na virusi. Nazo zimjuapo adui hugawanyika zikawa jeshi. Kwa elimu hiyo wataalamu wa Oxford na wa Nairobi walitengeneza chanjo, ikajaribiwa Nairobi kuanzia mwaka 2001, isifaulu. Kabla ya hapo ulikwisha zuka ugomvi wa hataza, wataalamu wa Kenya wakilalamika kuwa wameachwa nje. Angalieni: ugomvi ulikuwa wa wasomi kwa wasomi.

Huenda mtu akasema: “Hao ni wenye dhambi, wana haki gani?” Jawabu ni kuwa hesabu ya dhambi iko kwa Mwenyezi Mungu, na haki ya kiumbe hailiwi kwa sababu ya dhambi yake. Aliyekopa kwa mlevi, deni liko pale pale.

Wala hatusemi utafiti ni haramu. Kutafuta dawa ni katika kheri kubwa. Lakini mwenye damu yapasa aelezwe kwa lugha aifahamuyo, akubali kwa hiari, na dawa ikipatikana asiwe wa mwisho kuipata. Masheikh na walimu wetu na walisomeshe jambo hili misikitini, ili mtu aombwapo damu ajue la kuuliza.