Kufuta na Kusahau

Katika programu za hesabu zinazotumiwa vyuoni, kama MATLAB na Octave, kila thamani huwekwa chini ya jina. Mtu akiandika kwamba mvua ni 150, tangu saa ile jina mvua hubeba thamani hiyo mpaka libadilishwe, lifutwe, au programu yenyewe ifungwe. Jina la namna hii huitwa kigeu. Amri ya kuvifuta vigeu ni neno moja fupi, clear, nalo halina marejeo: maji yakimwagika hayazoleki. Ni jambo dogo la ufundi, walakini ndani yake limo swali ambalo wenye hekima wamelishughulikia tangu zamani, yaani ni wakati gani kusahau ni wajibu, na ni wakati gani ni dhuluma.

Yafaa tuanze na madhara ya kutofuta. Tuseme mwanafunzi anatafuta wastani wa mvua kwa mwezi. Anaanza na Bukoba, mahali ambapo mvua hunyesha mwaka mzima, akaweka namba 12 chini ya jina mvua. Kisha anageukia Kabungu, katika Mkoa wa Katavi, ambako msimu ni mmoja, tangu Novemba hata Aprili. Basi anaziandika namba 6 moja moja juu ya zile za kwanza. Kwa wepesi wa hesabu, na iwe kila mwezi wa Kabungu ni milimita 150, na kila namba ya Bukoba iliyobaki chini ni 90. Wastani wa msimu wa Kabungu ni 150, lakini programu itajibu 120. Haitatoa onyo lolote, kwa sababu kwake hapana kosa: iliambiwa ihesabu kilichomo katika mvua, nayo imehesabu. Kabungu imehukumiwa kwa mvua ya Bukoba, na aliyehukumu hakusema uongo hata mara moja.

Dhuluma ya namna hii ndiyo ngumu kuliko zote kuigundua, maana haina mwongo. Mwalimu asahihishaye karatasi ya mtoto baada ya kumfundisha kaka yake mvivu hukusudia haki, lakini mabaki ya kaka yamo kichwani. Ndiyo sababu mitihani ya taifa huandikwa kwa namba za watahiniwa badala ya majina. Msahihishaji hakuaminiwa kwamba ataweza kusahau kwa nguvu ya moyo wake. Amenyimwa cha kukumbuka. Naona utaratibu huo ni wa busara kuliko mahubiri mengi juu ya uadilifu.

Iko amri nyingine, clc, ambayo wanaoanza huichanganya na ile ya kwanza. Hiyo husafisha kioo tu. Maandishi yote hutoweka, jicho likaona weupe, kumbe vigeu vyote vimo ndani kama vilivyokuwa. Sihitaji kumwambia msomaji ni misamaha mingapi tuliyokwisha kupeana kwa amri hiyo.

Sasa tuiache hesabu. Kabungu imo katika Wilaya ya Tanganyika, na katika wilaya hiyo hiyo iko Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo yalikubaliwa, na mwaka 2014 vyeti vilianza kutolewa. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo iliwabidi waukane ule wa kwanza. Hapo kigeu kimoja kilifutwa, kwa jina lake, kwa hiari ya mwenyewe. Jirani ambaye baada ya cheti angali anamwita mtu huyu mkimbizi anafanya hesabu ya Kabungu kwa namba za Bukoba. Lakini yuko mwenye kosa la pili, naye hujiona mwema: anataka mwenzake afute vyote, lugha ya mama yake, makaburi aliyoyaacha, na sababu iliyomfanya avuke mpaka. Sheria haikudai hayo. Ilidai jina moja, na kufuta vyote palipoamriwa kufuta kimoja ni kuharibu kazi ya mtu.

Mtu aweza kupinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema kwamba kusahau humfaa zaidi aliyeua kuliko aliyefiwa, na kwamba kila anayehimiza kufuta achunguzwe kwanza ana faida gani. Nakubali. Lakini amri ya kufuta hugusa vilivyomo katika kumbukumbu ya kazi tu. Kilichokwisha kuhifadhiwa katika faili hakiguswi. Basi ya mwaka 1972 na yahifadhiwe, kwa majina na tarehe, mahali ambapo hapana mkono unaofika kwa urahisi. Ila yasibebwe kuingia katika kila hesabu ya shamba, posa na uchaguzi wa kijiji.

Jibu hili halinitoshelezi lote. Faili hufunguliwa na mtu, na vigeu vyake vinaporudi, chenye jina linalofanana na la sasa hukalia mahali pake pasipo kuuliza. Mjukuu aliyezaliwa Mishamo anayo haki ya kuifungua, na pengine neno nyumbani limeandikwa mle kwa thamani nyingine.