Waombao Masomo ya Juu, Waombe kwa Nia Gani?

Siku moja alasiri alinijia ofisini padre kijana atumikaye katika parokia moja chini ya mlima Hanang. Alikuwa amepanda basi alfajiri kutoka Katesh, na mkononi alishika bahasha kubwa. Ndani yake mlikuwamo vyeti vyake vya Seminari Kuu, hati ya matokeo ya mitihani, na barua aliyoitunga mwenyewe kuomba nafasi ya kusoma elimu ya Mungu katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. "Padre Mhariri," aliniambia, "wewe kazi yako ni maneno. Nisomee barua hii, uniambie kama inafaa."

Niliisoma mara mbili. Lugha yake ilikuwa safi. Alieleza ya kwamba tangu utoto alipenda elimu. Ya kwamba chuo kile ni mashuhuri duniani pote. Ya kwamba atamani kuongeza ujuzi ili alitumikie vema Kanisa na taifa. Sikuona uongo ndani ya barua ile. Lakini yeye mwenyewe sikumwona pia. Ingeweza kuandikwa na mtu wa Lima au wa Manila, likabadilishwa jina tu. Hapakuwamo hata neno moja juu ya Hanang, wala juu ya watu aliowabatiza na kuwazika. Nikaona haya, si kwa ajili yake bali kwa ajili yangu. Maana miaka michache iliyopita nami niliandika barua ya namna hiyo hiyo, nikakataliwa, kisha nikawalaumu walionikataa.

Tangu siku ile swali moja halijaniacha, nami leo naliweka mbele yenu. Je, ni halali Mkristo kutamani masomo ya juu ya elimu ya Mungu? Na kama ni halali, ayaombe kwa nia gani?

Wako wasemao kwamba tamaa hiyo ni majivuno tu. Husema hivi: mapadre ni wachache na vigango ni vingi, wakati wa masika njia za Yaeda na za Basotu ni tope tupu, padre mmoja akiondoka miaka miwili, au mitano, nani atakwenda kuwaungamisha wagonjwa? Tena, husema, wengine wakiondoka hawarudi. Na katika hao warudio, wako waliopata shahada wakapoteza masikio: hawawezi tena kuketi na mzee asiyejua kusoma wakamsikiliza hata amalize. Mtume Paulo mwenyewe aliwaonya Wakorinto juu ya elimu imtiayo mtu kiburi. Maneno haya si ya kudharauliwa, kwa kuwa wayasemao ndio wabakio nyuma na kuubeba mzigo.

Hata hivyo Kanisa lenyewe halikuishia hapo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika Kanuni ya 819, zawaagiza Maaskofu na wakuu wa mashirika kuwapeleka katika vyuo vikuu vya Kanisa vijana, makleri na watawa waliotangulia wenzao kwa tabia, kwa fadhila na kwa akili, kadiri mema ya jimbo, au ya shirika, au ya Kanisa zima yanavyodai. Kanuni ya 229 yakiri kwamba walei nao wanayo haki ya kuingia vyuo hivyo na kupata shahada. Nayo Kanuni ya 253 yataka wafundishao falsafa, elimu ya Mungu na sheria katika seminari wawe na shahada ya udaktari au ile ya lisensiati. Basi tusipomtuma mtu, nani atawafundisha mapadre wa kesho huko Kipalapala, Segerea au Peramiho? Tutakuwa kama mkulima aazimaye jembe kila msimu, na kila msimu hulima wa mwisho.

Lakini yafaa tuiangalie vema Kanuni ile ya 819. Haisemi kwamba mtu apelekwe kadiri anavyotamani. Yasema kadiri mema ya watu yanavyodai. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha jambo hili. Kutamani si dhambi. Lakini asomaye elimu ya Mungu huwa ametumwa, na mtu aliyetumwa hatoki mikono mitupu: hubeba alichopewa na waliomtuma. Katika elimu hii mzigo huo ndio swali. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Aombaye masomo pasipo swali aomba cheo, hata kama hajijui.

Tutazame waliotutangulia. Marehemu Padre Charles Nyamiti, mzaliwa wa Tabora, alipata udaktari wake Louvain, Ubelgiji, mwaka 1969, kisha akasoma mambo ya mila za watu na muziki huko Vienna. Angeweza kurudi na mawazo ya Wazungu yaliyofungwa vizuri katika sanduku. Badala yake alitumia maisha yake kuuliza jinsi watu waheshimuo wazee wao waliokufa wawezavyo kumjua Kristo, na mwaka 1984 akatoa kitabu juu ya Kristo kama Mhenga wetu. Marehemu Padre Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma naye alitoa mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya dini ya asili ya Afrika na maadili yake, nacho kikasomwa na wengi katika vyuo vya mbali. Wote wawili walijua lugha za vyuo vikuu, lakini maswali yao yalitoka nyumbani.

Je, sisi wa Mbulu na Hanang tumekosa maswali? Wairaqw humwita Mungu Lo'a, na neno hilo ni lile lile la jua. Tena katika lugha yao ni neno la jinsi ya kike, nao wazee humsema Lo'a kama mtu amsemavyo mama mwenye huruma. Padre afundishaye katekisimu kwa Kiswahili husema "Baba". Mtoto asikiaye maneno yote mawili katika nyumba moja, apatanisheje? Wazee wetu wanayo slufay, sala ndefu ya baraka ambayo mmoja huongoza na wengine huitikia. Je, yaweza kuingia katika ibada zetu, na kwa masharti gani? Jirani zetu Wadatoga humfanyia mzee aliyeheshimiwa mazishi makuu yaitwayo bung'eda. Kaburi huinuliwa kichuguu kirefu, na shughuli yenyewe huchukua miezi. Mkristo aliyezaliwa katika ukoo huo asimame wapi siku hiyo, na afanye nini kwa mikono yake? Maswali haya hayajibiwi kwa kukemea wala kwa kunyamaza. Yataka mtu ajuaye Maandiko, ajuaye mapokeo ya Kanisa, naye aijue lugha ya mama yake. Mtu wa namna hiyo hutengenezwa kwa miaka mingi.

Tena liko swali zito kuliko hayo yote. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, matope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaangukia Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wataalamu wa miamba wakaja wakaeleza jinsi ubavu wa mlima ulivyolegea kwa mvua nyingi, nao walisema yaliyo ya kazi yao. Lakini aliyezika watoto wake haulizi habari za miamba peke yake. Huuliza Mungu alikuwa wapi. Na yule amjibuye upesi kwamba ni adhabu, au kwamba ni mapenzi ya Mungu basi yatosha, aweza kumjeruhi mara ya pili. Hapo ndipo niwaambiapo wale wasemao kwamba elimu ya juu haina kazi vijijini: ni vijijini hasa ambako jibu la haraka huumiza.

Sasa nije kwa waombaji wenyewe, maana yatupasa kusema mambo yaonekanayo.

Kwanza, ajue aombacho. Katika vyuo vya Kanisa masomo haya yana ngazi tatu, kama yalivyopangwa tena na Baba Mtakatifu Fransisko katika hati yake Veritatis Gaudium ya mwaka 2017: ya kwanza ni bakalaureati, ya pili ni lisensiati ya miaka miwili, na ya tatu ni udaktari. Afundishaye seminarini hahitaji lazima kufika ya tatu. Anayeomba udaktari kwa kuwa jina lake lapendeza masikioni, na ajiulize kama lisensiati isingalitosha kwa kazi aliyotumwa.

Pili, ajue mahali aombapo. Roma ni mama, nasi tuna sababu ya kuipenda. Kardinali Laurean Rugambwa alisoma huko Sheria za Kanisa kabla ya kuwa Askofu. Lakini yawapasa wengi waendao huko kujifunza Kiitaliano kwanza, na wengi hupoteza nguvu zao za mwaka mzima katika lugha hiyo. Nairobi ni karibu. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walianzisha huko mwaka 1984 taasisi ya masomo ya juu ya elimu ya Mungu, Papa Yohane Paulo II akaizindua Agosti 1985, na mwaka 1992 ikawa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika ya Mashariki. Padre Nyamiti alifundisha hapo. Basi mtu asichague chuo kwa kupima umbali wa ndege. Achague kwa kutazama ni wapi walipo walimu na vitabu vya swali lake.

Tatu, aseme kweli. Barua ya maombi ni ushuhuda, na ushuhuda una amri yake katika zile Amri Kumi. Anayejisifu kuwa na ujuzi wa Kigiriki ambao hana, anayeficha kwamba Askofu wake hajampa ruhusa, au anayeandikiwa barua na mtu mwingine kisha akatia sahihi yake, ameanza elimu ya Mungu kwa kumsingizia Mungu. Na sisi tuombwao barua za kuwapendekeza wengine, tusijione wasafi. Nimewahi kuona mwalimu akiandika juu ya wanafunzi watatu wa darasa moja kwamba kila mmoja alikuwa bora kuliko wenzake wote. Huo si upendo. Asemaye kweli kwa upole juu ya udhaifu wa kijana humsaidia kuliko amsifuye ovyo, kwa kuwa chuoni udhaifu ule utaonekana tu, na huko hatakuwapo wa kumshika mkono.

Nne, aseme atakaporudi atarudi kwa nani. Jimbo letu la Mbulu lilipowekwa mwaka 1953, Askofu wake alikuwa Patrick Winters wa Wapalotini, mgeni aliyetoka mbali kuja kututumikia. Mwaka 1971 akateuliwa Nikodemus Hhando, mwana wa nchi hii. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na watu waliolipa ada, waliokesha katika vitabu, na waliorudi. Deni hilo halilipwi kwa cheti kilichotundikwa ukutani.

Yule padre kijana nilimrudishia barua yake, nikamwuliza swali moja tu: "Tangu upewe upadre, nani alikuuliza jambo ambalo hukuweza kumjibu?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba baada ya maporomoko mama mmoja alimshika mkono nje ya kanisa, akamwambia: "Baba Padre, tulisali novena kuomba mvua. Mvua ikaja na mlima. Je, niendelee kuomba?" Akaniambia alimbariki yule mama, akaondoka upesi, kwa kuwa hakuwa na neno. Hajamweleza mtu habari hiyo hadi siku ile.

Alirudi baada ya majuma matatu na barua mpya. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na Kiingereza chake kilikuwa na makosa mawili au matatu, ambayo tuliyasahihisha pamoja. Ilianza na maneno ya mama yule. Sijui kama atakubaliwa, maana nafasi ni chache na fedha ni chache zaidi. Lakini najua kwamba akikataliwa hatakuwa amepoteza kitu: mama yule bado yuko Katesh, na padre huyu sasa ameahidi kurudi kwake, kwanza kumsikiliza.

Basi, ninyi waamini, mkisikia kwamba padre wenu, au sista, au kijana wa jumuiya yenu ameomba masomo ya juu ya elimu ya Mungu, msimwulize kwanza anakwenda nchi gani. Mwulizeni amebeba swali gani la kwenu. Na asipokuwa nalo, mpeni.