Macho ya Kichanga Hayangoji Arobaini

Wajukuu zangu mnaolea, mmejipanga vizuri kwa nguo, jina na arobaini ya mtoto. Macho yake, mnaishia kuyasifia tu.

Mtoto huzaliwa na macho, lakini kuona hujifunza, na ubongo wake husoma somo hilo miezi ya mwanzo. Akizaliwa, huona vizuri zaidi kilicho sentimita 20 hadi 30 mbele yake, pale ulipo uso wa mama anayenyonyesha. Wiki ya 6 hadi ya 8 hukukazia macho na kukurudishia tabasamu. Akifika miezi 3, mpitishie kitambaa chekundu taratibu: macho hukifuata. Fanyeni hivyo kimya, maana mtoto hufuata sauti mkadhani anaona. Asipofuata, msiniambie ni mpole. Mpelekeni.

Linaloninyima usingizi ni mboni nyeupe. Simu zenu zinampiga picha kutwa, basi zitazameni. Picha ya flashi inatoka, jicho moja limewaka jekundu, la pili jeupe kama la paka gizani. Mnailaumu kamera, mnafuta. Msifute! Mwonyesheni daktari picha hiyo, amulike mboni. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, au retinoblastoma, saratani ya macho ya watoto wadogo. Mtoto wa jicho mzito hutakiwa kuondolewa ndani ya wiki 6 hadi 10 za mwanzo. Mkichelewa, jicho litasafishwa lakini ubongo utakuwa umeshazoea kutoona. Saratani ikikutwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi hupona, ingawa pengine jicho hulazimika kutolewa. Ikishapenya kwenye mshipa wa fahamu kuelekea ubongoni, kumwokoa ni kazi ngumu mno. KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam wanatibu macho ya watoto; anzeni na kliniki mnakopeleka chanjo, mdai rufaa.

Makengeza nayo mnayaita urembo. Macho kutangatanga kidogo kabla ya miezi 4 ni kawaida. Yakiendelea baada ya hapo, au jicho moja likikaa upande muda wote, si urembo. Mfunike jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akitulia kwa moja na kulia kwa jingine, ujue hilo unalolifunika akalia ndilo analolitegemea.

Kichanga akitoka usaha machoni siku za mwanzo, apelekwe siku hiyohiyo. Kisonono alichokipata njiani akizaliwa chaweza kutoboa jicho kwa siku chache. Maziwa ya mama, majani na wanja havikitibu, na wanja mwingine una risasi.

Na aliyejifungua kabla ya wiki 32 za mimba, au mtoto wa chini ya gramu 1,500, asiruhusiwe kutoka wodini bila tarehe ya kupimwa macho. Kipimo cha kwanza hufanyika mtoto akiwa na wiki 4 hivi, hata kama bado yuko kwenye malezi ya kangaroo, amebebwa kifuani mwa mama.