Nani Achukue Mzigo wa Bahati?

Kazi na bahati hazitembei mwendo mmoja. Mtu huweza kufanya kazi leo, bahati ikaja mwezi ujao. Na katikati ya siku hizo mbili lazima ale. Nani basi aingoje bahati? Swali hili ni la zamani kama uvuvi. Baharia alipwaye kwa fungu hurudi mikono mitupu wavu ukitoka mtupu. Kibarua wa kutwa hudai ujira wake hata hivyo. Leo swali lilo hilo limezaliwa upya katika uchimbaji wa Bitcoin, nalo lastahili kupimwa kwa mizani ya haki pamoja na ya faida.

Uchimbaji huu hauna jembe wala shimo. Tangu mwaka 2009 mashine hushindana kubahatisha nambari itakayofunga bloku, yaani ukurasa mpya wa daftari la malipo. Bloku hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, na mshindi ni mmoja. Sarafu mpya azipatazo zilikuwa 50. Kwa kupunguzwa nusu kila baada ya miaka kama minne, zimekuwa 3.125 tangu Aprili 2024. Mwenye mashine moja aweza kungoja miaka mingi asiambulie kitu. Kwa sababu hiyo Marek Palatinus alianzisha ushirika wa wachimbaji mwaka 2010: wengi hutafuta pamoja, na apataye hugawana na wenziwe. Kila mmoja hupeleka majibu hafifu, yasiyofikia ushindi, lakini yenye kuthibitisha kwamba mashine yake ilifanya kazi. Majibu hayo huitwa hisa.

Mgeni akiingia katika ushirika huchagua njia ya kulipwa. Njia moja hulipa kila hisa kwa thamani iliyopangwa, bloku ipatikane isipatikane. Mchimbaji hulala, mwenye ushirika hukesha, na kwa mkesha huo hutoza ada kubwa zaidi. Njia nyingine hungoja bloku ipatikane, ndipo zawadi igawiwe kwa idadi maalumu ya hisa za mwisho. Ada yake aghalabu ni ndogo, walakini ukame ukija ni ukame wa wote. Kwa muda mrefu, ada ikiwekwa kando, wastani wa njia hizi hukaribiana. Tofauti iko katika siku za kushiba na siku za kufunga.

Wako wasemao njia ya pili ni adilifu zaidi, maana washirika hushirikiana shida na raha. Ni maneno mazuri, lakini humsahau mnyonge. Mwenye mashine mia huvumilia mwezi mkavu. Mwenye mashine moja hawezi kulipia umeme kwa wastani. Kuhimiza subira ni rahisi kwa mwenye ghala. Mnyonge achaguaye ujira wa hakika si mwoga: amenunua usalama kwa bei ijulikanayo. Mwenye ushirika naye asiuze usalama asio nao, kwani ahadi isiyo na akiba ni deni lililovaa nguo ya ukarimu.

Dhuluma hasa ilionekana katika njia ya tatu, iliyotumika zamani. Zawadi ya bloku iligawiwa sawasawa kwa hisa zote zilizoletwa tangu bloku iliyotangulia. Kumbe hisa ya mapema, wagawanaji wakiwa bado wachache, ilikuwa na tumaini kubwa kuliko hisa ya duru iliyokwisha kurefuka. Wajanja wakaingia mwanzoni, na duru ilipokawia wakahamia ushirika mwingine. Meni Rosenfeld aliichambua kasoro hii kwa hesabu mwaka 2011. Hawakuvunja sharti lolote lililoandikwa. Hata hivyo, faida yao ilitoka katika fungu la waliobaki. Yamkini mtu atasema kosa ni la sharti. Sharti bovu hualika ujanja, ni kweli; lakini mlango uliosahauliwa wazi haumpi mpita njia haki ya kuingia. Kula na bahati ikicheka, na kumwachia mwenzio ikinuna, ni kudhulumu.

Basi achaguaye njia ya malipo ajiulize mambo mawili kabla ya kuuliza ada. Naweza kubeba nini? Na nisichoweza kubeba, nani anibebea, naye amekubali na kulipwa? Njia yoyote yenye jibu la wazi kwa maswali haya ni ya haki, hata kama faida yake ni ndogo. Bahati haina dhamiri. Wenye kuigawana ndio wapasao kuwa nayo.